Masizi ya baruti nyeusi na bunduki za askari wa Tanga

Kila anayenijia kuulizia bunduki za zamani huanza na nguvu: inafika mita ngapi, inatoboa nini, inampiga mtu bega kiasi gani. Mimi huanza na masizi. Baruti nyeusi ni shura asilimia 75, makaa 15 na kiberiti 10, na inapowaka, chini ya nusu ya uzito wake ndiyo inayogeuka gesi ya kusukuma risasi. Zaidi ya nusu inabaki kuwa chumvichumvi ngumu. Sehemu yake hutoka mdomoni mwa mtutu na kuwa lile wingu jeupe, sehemu huganda ndani. Ukilishika hilo, mambo mengine yote yanajipanga yenyewe: kwa nini kichwa cha risasi ni laini, kwa nini kinavishwa karatasi, kwa nini kuna nta ndani ya ganda, kwa nini bunduki huoshwa kwa maji, na kwa nini askari waliopigana hapa Tanga mwezi Novemba 1914 walikuwa wakijitangaza walipo kila walipofyatua.

Mimi ni fundi wa mashine. Kazi hii niliijulia Ujerumani ya kusini, nilikokuwa kiwandani, katika chama cha walenga shabaha wa silaha za kale. Kule huuziwi hata kopo moja la baruti nyeusi mpaka uwe na kibali chake, na kibali hakitoki kabla ya mafunzo na mtihani. Silaha niliyoipenda kuliko zote ilikuwa Mauser 71, bunduki ya Kijerumani, na sababu yake iko nyumbani: ndiyo hiyo, hasa ile aina yake fupi iliyoitwa Jägerbüchse 71, waliyopewa askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani. Nilipoilaza begani nilikuwa nashika kitu ambacho wazee wa mji wangu walikibeba juani kutwa nzima.

Ni bunduki ya risasi moja moja. Unainua mkono wa komeo, unavuta nyuma, unaweka risasi kwa kidole, unasukuma, unafunga. Ukimaliza kupiga na kuvuta komeo, kucha inalichomoa ganda kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, lakini hakuna kinacholirusha nje. Inabidi uinamishe bunduki ubavu ili ganda lidondoke. Mkono unazoea, na baada ya muda kuinamisha, kudondosha na kuweka nyingine kunakuwa mwendo mmoja. Lakini komeo lenyewe linazuiwa na ukingo mmoja tu wa chuma unaoegemea mwili wa bunduki. Halina zile meno mbili za mbele zilizokuja na Mauser za baadaye. Liweke akilini hilo, nitalirudia.

Risasi yake ni ya milimita 11. Kichwa kina gramu 25, baruti gramu 5, na kinatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 430 hivi kwa sekunde. Mauser 98 iliyokuja baadaye ilirusha kichwa cha gramu 10 kwa karibu mita 880 kwa sekunde. Kwa hiyo ile ya 71 ni nzito na ya polepole. Haikugongi bega, inakusukuma. Kufika mita 200, kichwa kimeshashuka zaidi ya mita moja chini ya mstari wa mtutu, na ndiyo maana kukadiria umbali ni nusu ya ulengaji. Ukikosea mita 50 katika makadirio, unaweza kumkosa uliyemlenga.

Sasa tuje kwenye kutengeneza risasi yenyewe, ambako ndiko utamu uliko. Baruti hununuliwa iliyotoka kiwandani, ya punje kubwa, kwa sababu punje ndogo huwaka haraka mno kwa ganda la ukubwa huu. Haimwagwi tu ndani. Inashushwa taratibu kupitia bomba jembamba lenye urefu wa kutoka kiwiko hadi vidole na zaidi, ili punje zijipange na kushikana. Ukimwaga hivi hivi baruti inafika karibu na mdomo wa ganda, ukipitisha kwenye bomba inakaa chini kidogo, ingawa ni uzito uleule. Juu yake unaweka duara la kadibodi, kisha unaishindilia kwa kifaa maalumu, milimita chache tu. Usiishindilie kwa kutumia kichwa chenyewe, maana ni madini laini, kitavimba kabla hakijaingia kwenye mtutu. Na usiache nafasi ya hewa kati ya baruti na kichwa hata kidogo. Nafasi hiyo ndiyo inayoacha pete ndani ya mtutu, uvimbe unaouona ukichungulia kuelekea mwanga, na mtutu wa namna hiyo haurudi tena kuwa ulivyokuwa.

Juu ya kadibodi inakaa nta. Watengenezaji wa awali walifanya hivyo hivyo: kadibodi, tembe ya nta, kadibodi nyingine, kisha kichwa. Nta ya nyuki ikichanganywa na shahamu ya ng'ombe inalainisha masizi yanayobaki ndani, yakawa kama lami laini badala ya kuwa kaukau. Grisi ya gari haifai. Mafuta ya petroli yakikutana na moto wa baruti nyeusi yanatoa utando mgumu mweusi unaokwangulika kwa shida.

Kichwa kinazungushiwa karatasi nyembamba mizunguko miwili, na mkia wa karatasi unasokotwa chini yake. Karatasi ndiyo inayogusa mtutu, si madini. Inaingia kwenye mifereji minne iliyojipinda ndani ya mtutu, inakizungusha kichwa, kisha inachanika mara tu inapotoka. Baada ya kupiga, tembea hatua chache mbele ya mdomo wa bunduki ukaokote vile vipande. Vikiwa vimekatika kwa mistari safi iliyofuata mifereji, kila kitu ndani kiko sawa. Vikiwa vimeungua kingo au vimesagika, masizi yamezidi au kichwa hakikutosha mtutu. Kwangu mimi vipande hivi vinasema mengi kuliko tundu kwenye shabaha.

Risasi ya kwanza kutoka kwenye mtutu msafi haiendi pamoja na zinazofuata. Kwa hiyo mlenga shabaha hupiga moja au mbili za kuchafua kwanza, ndipo aanze kuhesabu. Baada ya hapo kazi yote ni kuyafanya masizi yabaki katika hali moja, na hapo pumzi ndiyo dawa. Unachukua ganda tupu lililotobolewa kitako na kuunganishwa na kijibomba, unalipachika kwenye chemba, unapuliza taratibu, pumzi ndefu ya tumboni, mpaka uone ukungu ukitoka mdomoni mwa mtutu. Pumzi ya mtu ina unyevu, na unyevu ndio unaolainisha. Siku ya jua kali na hewa kavu unapuliza zaidi. Usipofanya hivyo, baada ya risasi chache ya mfuatano utahisi ganda linagoma kuingia na shabaha inaanza kutawanyika.

Askari vitani hakuwa na muda wa kupuliza. Alitegemea nta iliyo ndani ya risasi, na mji huu ulio kando ya bahari, wenye hewa nzito ya mvua za vuli, ulimsaidia kidogo katika hilo. Katika jambo la moshi haukumsaidia. Kikosi cha Waingereza na Wahindi, watu 8,000 hivi chini ya Meja Jenerali Aitken, kilianza kushuka Raskazone usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba, na pambano kubwa likawa tarehe 4. Upande wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walikuwa kama 1,000. Wavamizi walikuwa na Lee-Enfield za baruti isiyo na moshi. Makampuni mengi ya askari yalikuwa bado na zile za 71. Mtu akifyatua kutoka kwenye kichaka cha mkonge au nyuma ya mti wa mpira, wingu jeupe linasimama juu yake, na adui aliyekuwa hajui alenge wapi sasa anajua. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliulalamikia sana moshi huo.

Watu hupenda hadithi ya nyuki wa Tanga, kwamba nyuki ndio waliowafukuza Waingereza, na nyuki walikuwepo kweli, walichokozwa na risasi wakauma kila aliyekuwa karibu. Lakini naona hadithi ile imemeza sifa ya askari. Aliyewahi kupiga baruti nyeusi anajua kwamba baada ya risasi mbili tatu bila upepo huoni tena mbele yako. Unapiga, unangoja pazia lisogee, au unainama uchungulie chini yake, au unahama hatua kadhaa pembeni. Kuendelea kulenga katika hali hiyo, na bunduki ya risasi moja, mbele ya watu wengi kuliko ninyi na wenye silaha mpya, kunahitaji nidhamu ya mazoezi ya muda mrefu. Kwa maoni yangu hapo ndipo siku ile ilipoamuliwa, si kwenye mzinga wa nyuki. Na tazama walichokiokota baada ya Waingereza kurudi melini tarehe 5: bunduki za kisasa za kutosha makampuni matatu, bombomu 16 na risasi 600,000. Walizibeba wakijua thamani ya kupiga bila kuonekana.

Vijana wa Raskazone huniuliza, "Fundi, si tungeweka tu baruti ya kisasa kwenye hizo za zamani, moshi ukaisha?" Hapana, wanangu. Kumbuka lile komeo la ukingo mmoja. Baruti isiyo na moshi inafanya mgandamizo unaozidi kwa mbali ule ambao chuma hicho kilitengenezewa, na kipimo kinachojaza ganda kwa baruti nyeusi, kikijazwa baruti ya kisasa, kinapasua chemba karibu na uso wako. Hatari ni ileile kwa gobore lolote, na kwa yale yaliyochongwa kutokana na bomba la maji hatari ni kubwa zaidi, maana lile bomba halikufuliwa kubeba hata baruti nyeusi. Silaha na risasi hapa kwetu zinasimamiwa na sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Kibali huombwa polisi. Na mkulima akifukua risasi nzima ya zamani shambani, asiigonge, asiipashe moto, asiiweke dirishani kama pambo. Aite polisi.

Imebaki kuosha, kazi ambayo wengi huiharakisha. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya maji kutoka hewani, na pwani hewa yenyewe ina chumvi. Bunduki iliyopigwa asubuhi na kuachwa mpaka kesho itakuwa na kutu ndani. Mafuta ya kusafishia bunduki za kisasa hayayeyushi chumvi hizi. Yanazifunika tu, na kutu inaendelea chini yake. Kinachoziyeyusha ni maji. Toa komeo, weka mdomo wa mtutu kwenye beseni la maji ya moto yenye sabuni kidogo, pitisha fimbo yenye tambara juu na chini ili maji yavutwe na kurudi. Maji ya kwanza yatakuwa meusi na yatanuka mayai viza, hiyo ni salfa. Badilisha mpaka yatoke safi, kisha suuza kwa maji ya moto kabisa ili chuma kipate joto na kujikausha chenyewe. Pitisha matambara makavu, halafu mafuta mepesi. Komeo lioshwe vivyo hivyo, hasa kwenye tundu la pini inayopiga fataki ya kuwasha baruti. Maganda ya shaba yatumbukizwe kwenye maji ya sabuni palepale uwanjani, maana yakikaa yanageuka kijani na kulika.

Kesho yake toa bunduki tena, pitisha tambara jeupe lililokauka. Likitoka na rangi ya kahawia, rudia maji ya moto tangu mwanzo. Likitoka jeupe, paka mafuta na uiweke mahali pasipo na upepo wa bahari, na baada ya wiki moja ukague mara nyingine.