Damu Nyeusi Si Damu Chafu

Wiki hii ni mgonjwa wa tatu. Mama muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, anapandisha khanga mpaka gotini, na kinachonipokea kwanza si ile mishipa myembamba iliyomleta. Ni chale. Mistari mipya ya wembe, imepakwa unga mweusi. "Nilikuwa natoa damu chafu, daktari. Ilitoka nyeusi tii."

Jamani. Damu ya vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, ni nyeusi. Yako, yangu, hata ya huyo aliyekuchanja. Imeshuka mguuni ikiwa nyekundu, imeacha oksijeni huko, inarudi moyoni ikiwa imekoza. Ikiganda kwenye pembe ya chuku, ile ya kufyonzea damu, inazidi weusi, na mgonjwa anaonyeshwa lile bonge kama ushahidi. Mtu akishaliona kwa macho yake, maneno yangu ni kelele tu. Siku hiyo nikakunja mkono wa shati, nikamwita mwenzangu wa maabara anitoe damu mbele yake. Mama akaitazama sirinji, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Pole daktari. Kumbe na wewe unayo."

Na ule wembe, ukipita mguu wa huyu ukaenda wa yule, unabeba homa ya ini na VVU. Hilo nalo nimelisema mpaka koo limekauka.

Vile viuzi vyekundu au vya zambarau, vilivyotanda pajani na kifundoni kama utando wa buibui, ni vena ndogo za ngozini zilizotanuka. Nyingi hazifiki unene wa milimita 1. Damu ya mguuni inapanda mlima: kigimbi kinaisukuma kila ukipiga hatua, vali, vilango vya ndani ya vena, zinaizuia isirudi. Simama palepale kwa muda wa saa 8, iwe unakata minofu ya sangara kiwandani au unapima dagaa kwa sado, pampu umeizima. Ongeza mimba, uzito, umri. Halafu ukoo: muombe mama yako akuonyeshe miguu yake.

Maji ya ziwa hayaleti utando huu. Kukunja nne pia nakusamehe.

Kwenye kuzuia, vitabu vinajiamini kuliko mimi. Tembea, inua visigino mara 20 hapohapo mezani pako, jioni lala miguu ikiwa juu ya mto. Uvimbe na ule uchovu wa miguu vitapungua, hilo nimeliona. Ila kwamba utando hautatokea kwa mtu aliyeurithi, siahidi. Soksi za kubana zinatuliza maumivu, nami naziandika kila mara, huku nikijua nyingi zinaishia kabatini. Saa saba mchana, jua la Mwanza, soksi mpaka gotini? Mimi mwenyewe nilivaa siku mbili.

Ipo sindano ya kukausha vena hizo. Kabla hujauza mbuzi, jua kwamba kwenye ngozi zetu inaweza kuacha baka jeusi linalokaa miezi, na pengine baka hilo litaonekana kuliko kale kauzi ulikokuwa unakachukia. Kama hakaumi, mimi ningekaacha.

Nisichokiacha ni kidonda kisichopona upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hasa baada ya kujifungua au safari ndefu ya basi, huenda damu imeganda kwenye vena kubwa ya ndani. Njoo siku hiyohiyo, bila kupitia kwa mwenye wembe.