Goti likipoa dawa haiachwi: uongo ninaousikia kuhusu viungo vya watoto wenye homa ya kurithi ya Mediterania

"Dokta goti lilishapoa, dawa tukaiweka pembeni, likivimba tena tutampa." Jamani hii nimeichoka. Kolchisini, dawa ya hii homa ya kurithi, sio dawa ya maumivu. Inamezwa kila siku, mtoto akiwa mzima anaruka ruka, ili shambulio la homa na viungo kuvimba lisije, sasa nyie mnasubiri goti livimbe ndo mnampa na hapo wakati wake umeshapita, shambulio likishaanza kolchisini hailizimi, alafu mnakuja kuniambia dawa haifanyi kazi. Inafanya sana tu, ila mmempa wakati sio wake.

Na goti lenyewe wala sio ndo linaninyima usingizi. Kuna watoto ambao hata katikati ya mashambulizi, hana homa, hana maumivu, moto ndani ya mwili bado unawaka chini chini, ini linatoa protini fulani kwa wingi, siramu amiloidi A, na ikikaa juu miaka na miaka inaganda kwenye figo mpaka zinafeli. Kabla watu hawajajua mwaka 1972 kwamba kolchisini inazuia haya mashambulizi, wagonjwa wengi waliishia huko. Ndo maana nataka CRP (kipimo cha damu cha huo moto wa ndani) na mkojo siku ambayo mtoto hana tatizo lolote, na mzazi ananishangaa kwamba mbona mzima. Ndio, nataka hivyo hivyo akiwa mzima!

Akiharisha msiiache kimya kimya, niambieni, tunaweza kugawa dozi asubuhi na jioni au kuipunguza kidogo kisha tukapanda taratibu. Mkiandikiwa antibiotiki ya klarithromaisini kwa ajili ya kifua semeni kwanza kwamba anatumia kolchisini, zikikutana kolchisini inajaa mwilini mpaka inakuwa sumu. Na kama kweli anameza kila siku na bado anashambuliwa, zipo sindano kama anakinra na kanakinumabu, ila lazima kwanza nijue anameza kweli. Kijana wa miaka 13 akikwambia "nimekunywa" hesabu vidonge.

Haya mengine haraka haraka.

Eti ni maumivu ya kukua. Maumivu ya kukua hayavimbishi kiungo wala hayaleti homa. Huyu anavimba goti au kifundo cha mguu, mara nyingi kimoja kwa wakati, homa inashuka ndani ya siku 1 mpaka 3 lakini kiungo kinaweza kuchukua wiki nzima. Wengine wanapata wekundu wa moto kwenye ngozi ya mguu chini ya goti au upande wa juu wa unyayo, pigeni picha na simu tafadhali, mkifika kwangu umeshaondoka na nabaki nasikiliza hadithi.

Eti kila akivimba kiungo kinalika. Wengi kinarudi kama kilivyokuwa kwa hiyo msimfungie ndani, akipona acheni acheze. Nyonga ndo siichukulii poa, kuna wachache wanaoumwa muda mrefu na nyonga ndiyo inayoharibika zaidi, mtoto akichechemea wiki kadhaa au maumivu yakiwa mgongoni chini karibu na makalio mleteni hata kama hana homa.

Lakini pia msizidishe upande wa pili, kila goti mnasema "ni ile homa yake". Goti limevimba ghafla, la moto, hataki hata liguswe, ana homa, hasa kama haifanani na mashambulizi yake ya kawaida, aende hospitali siku hiyo hiyo maana usaha ndani ya kiungo unaharibu ndani ya siku chache, na huyu mtoto hana kinga maalum dhidi ya bakteria.

Eti kipimo cha jeni kimetoka safi basi hana. Jeni ya ugonjwa huu, MEFV, imejulikana tangu 1997 na bado wapo wagonjwa wenye badiliko moja tu au hakuna kabisa, tunatibu mtoto, hatutibu karatasi. Kipimo kinasaidia kweli, mwenye badiliko linaloitwa M694V kutoka kwa baba na kwa mama huwa anaanza mapema na viungo vinamsumbua zaidi. Na "sisi wazazi wote wazima" haimaanishi kitu, kila mmoja anaweza kubeba nakala moja ya jeni yenye kasoro bila kuumwa, na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata zote mbili. Kwa hiyo yule mdogo wake anayelia tumbo kila baada ya wiki chache na homa juu, naye mleteni.