Usaha Unaorudi Palepale Kwenye Ukwato wa Punda

Mvua ikinyesha hapa Nakuru, simu nyingi tunazopigiwa kuhusu punda huanza hivi: "Daktari, punda wangu anachechemea." Njia za Njoro, Molo na Subukia huwa tope tupu, na ukwato wa punda hunywa maji kuliko wa farasi. Ukishalainika, changarawe huingia kwa chini na usaha hutunga. Tunachimba kidogo, usaha unatoka, punda anapona.

Lakini yuko punda anayepona, akarudi kwenye mkokoteni wa maji, na baada ya miezi miwili anachechemea tena, mguu uleule, mahali palepale. Mwenyewe atakwambia hii ni mara ya tatu. Hapo mimi silaumu tope tena; nashuku uvimbe uliojificha ndani ya ukwato.

Inua mguu huo, uuchokore, kisha upare unyayo kwa kisu cha kwato mpaka uuone mstari mweupe unaozunguka kati ya ukuta wa ukwato na unyayo. Kwa punda mzima, mstari huo hufuata ukuta bila kuyumba. Penye uvimbe, hupinda kuelekea ndani kama mwezi mwandamo, na ndani ya ule upinde utaona pembe (ile sehemu ngumu ya ukwato) ya mviringo, tofauti na ile inayoizunguka. Uvimbe huo sisi huuita keratoma. Chembe zinazotengeneza pembe ya ukwato hurundikana kati ya ukuta na mfupa wa mwisho wa mguu. Si saratani ya kusambaa mwilini, wala si ugonjwa wa kila siku. Ila mle ndani hamna nafasi: uvimbe hukandamiza mfupa mpaka ukalika, na huachanisha ule mstari mweupe, uchafu ukapata mlango.

Ndiyo maana sindano za antibiotiki hutuliza tu. Tiba ni upasuaji. Tunapiga picha ya eksirei inapowezekana, tunatia ganzi, tunakata kipande cha ukuta na kuung'oa uvimbe wote, maana ukibakisha mzizi utaota tena. Ukuta hukua milimita 6 hadi 10 hivi kwa mwezi, kwa hiyo pengo huchukua miezi mingi kujaa. Najua mkokoteni ukisimama unga nao unakwisha nyumbani, na ninalisema hili kwa uchungu: punda akirudishwa kazini kabla ya wakati, kazi yote huharibika.

Mambo mawili huua kuliko uvimbe wenyewe. La kwanza ni pepopunda. Jina lenyewe linatuonya. Kidonda chochote cha ukwato kinadai kinga yake. La pili ni kukataa kula. Punda aliyeacha kula, hasa mnene au mwenye mimba, mafuta hujaa kwenye damu na anaweza kufa kwa siku chache. Naye huficha maumivu: husimama kimya, akihamisha uzito mguu hadi mguu, au hulala kuliko kawaida. Usingoje aanguke.

Tafadhali usichome kwa chuma cha moto, wala usimwage oili chafu au asidi ya betri. Nimeona kwato zilizoungua hivyo, na kuzitibu ni kazi ngumu mara mbili. Kabla daktari hajafika, osha ukwato kwa maji ya chumvi, ukaushe, uufunge kwa nepi safi ya mtoto na utepe mpana juu yake, kisha umsimamishe punda penye nyasi kavu.