"Kati" ya Aristotle si nusu kwa nusu

Wengi wakisikia kwamba Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale (384–322 KK), aliuweka wema katikati, hudhani alitaka tuwe vuguvugu: usikasirike sana, usitoe sana, usiseme sana. Sivyo kabisa.

Mfano wake mwenyewe ni Milo, mpiga mieleka. Tuseme mina 10 za chakula (mina ni kipimo cha uzito cha Wagiriki wa kale) ni nyingi mno na mina 2 ni chache. Mkufunzi hampimii kila mtu mina 6, kwa kuwa zitamwacha Milo na njaa na kumlemea anayeanza mazoezi. Kati hupimwa kwa mtu na hali yake.

Hasira nayo ni hivyo hivyo. Bosi anamdhalilisha kijana mgeni mbele ya wenzake, nawe umekaa pembeni. Ukinyamaza kwa kisingizio cha "wastani", umepungukiwa. Aristotle humwita mpumbavu asiyekasirika panapostahili. Kinachotakiwa ni hasira kwa anayestahili, kwa kiasi na wakati wake, na hapo huenda ikawa kali. Hilo ndilo gumu, na ndilo ninalolipenda zaidi katika mafundisho yake.

Tena kuna matendo yasiyo na kati: wizi, uzinzi, uuaji. Hakuna kuiba kwa kiasi.