Mwanafalsafa wa dini si mhubiri

Wengi wakisikia mtu ni profesa wa falsafa ya dini, hudhani ni mchungaji au shehe aliyehamia chuoni kuitetea imani yake. Dhana hiyo inamnyima msomi haki yake.

Mtazame William Rowe, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1931. Ujanani alikuwa Mkristo mwenye bidii, akasoma chuo cha Biblia akitaka kuwa mchungaji. Kadiri alivyozidi kusoma, imani ilimtoka polepole, lakini maswali yake hayakumtoka. Alipata udaktari wa falsafa mwaka 1962, akafundisha Chuo Kikuu cha Purdue kwa miongo kadhaa, akiwa haamini kwamba Mungu yupo.

Makala yake ya mwaka 1979 kuhusu tatizo la uovu, yaani swali la kwa nini Mungu mwema na mwenye uwezo wote aruhusu mateso, ingali inajadiliwa. Anatutaka tumfikirie mtoto wa paa aliyeunguzwa na moto wa msituni, akateseka kwa siku kadhaa hadi kufa, bila yeyote kujua. Mateso hayo yana faida gani? Ni swali zito, na wanafalsafa waumini wamelijibu kwa hoja nzito vilevile, wakiwamo waliofundisha dini na falsafa maisha yao yote.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba katika makala hiyohiyo Rowe alikiri kuwa mtu anaweza kumwamini Mungu kwa sababu za kiakili zinazokubalika. Basi kupandishwa cheo katika kazi hii ya kufundisha falsafa ya dini hutegemea ubora wa hoja, machapisho na ufundishaji, si kuamini au kutoamini.