Matatizo ya ulaji yasiyo anoreksia wala bulimia: dhana potofu na ukweli

Hadi mwaka 2013, mwongozo wa wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM, uliwatupa katika fungu la "mengineyo" wagonjwa wasiotimiza vigezo vyote vya anoreksia (kujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa) au bulimia (kula kupita kiasi kisha kujitapisha au kufidia kwa njia nyingine), na katika kliniki nyingi fungu hilo likawa ndilo kubwa kuliko yote. Toleo la tano lilipunguza vigezo na kuyataja baadhi ya matatizo hayo kwa majina, lakini dhana za zamani zimebaki.

Dhana: Asiyekonda hana ugonjwa.
Ukweli: Mtu mwenye kilo 110 akijinyima chakula hadi akafika 75 kwa miezi michache, huku akiogopa kunenepa kama mgonjwa yeyote wa anoreksia, huhesabiwa kuwa na anoreksia isiyo ya kawaida. Harusini atasifiwa kuwa amependeza, ilhali mkanda wake umetobolewa matundu mapya kwa msumari na mapigo ya moyo yanaweza kuwa chini ya 50 kwa dakika. Hata kumlisha kunahitaji uangalizi, kwa sababu madini ya fosfati katika damu inaweza kushuka ghafla anapoanza kula tena, na hilo huua.

Dhana: Anayejitapisha bila kula kupita kiasi anajitunza tu.
Ukweli: Kujitapisha au kutumia haluli mara kwa mara ili kupunguza uzito ni tatizo kamili, hata kama mlo wenyewe ulikuwa sahani moja ya wali. Potasiamu hupungua, moyo huenda mrama, na asidi humomonyoa meno. Pengine daktari wa meno ndiye huwa wa kwanza kugundua.

Dhana: Kula usiku ni ulafi.
Ukweli: Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Albert Stunkard, alieleza hali hii kitabibu mwaka 1955. Mgonjwa huamka akala, au hula kupindukia baada ya chakula cha jioni, anakumbuka alichokula, na jambo hilo humsumbua. (Daku haihusiki.)

Dhana: Haya ni ya Wazungu.
Ukweli: Katika eneo la Nadroga nchini Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, hakuna msichana hata mmoja aliyehojiwa mwaka 1995, televisheni ilipokuwa ngeni, aliyesema hujitapisha ili apungue. Mwaka 1998 waliosema hivyo walifikia asilimia 11.3.

Dhana: Subiri dalili zitimie.
Ukweli: Bulimia huhitaji wastani wa tukio moja kwa wiki kwa miezi 3, lakini tiba haihitaji hesabu hiyo. Ukifika kituo cha afya, taja kilo ulizopoteza na muda uliochukua, maana mizani ya siku hiyo haitayaonyesha.