Miaka 33 ya kasi isiyo sahihi: upande wa kwanza wa Kind of Blue

Kazi yangu ni kuokoa sauti zilizomo kwenye tepu za zamani. Naletewa rili na kaseti, nazisafisha, nazicheza kwenye mashine iliyorekebishwa vizuri, kisha naziingiza kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Nyingi ni za bendi za dansi, za taarabu na za kwaya. Wanaozileta huniuliza kama nitaweza kuondoa mikwaruzo. Mimi huwa nawaza jambo jingine kabisa: nitajuaje kwamba wimbo huu ninaousikia unakwenda kwa mwendo ule ule walioupiga wenyewe?

Nikitaka mtu aone uzito wa swali hilo, namweleza habari ya Kind of Blue, santuri ya jazi ya mpiga tarumbeta Mmarekani Miles Davis.

Nilianza kujifunza saksafoni teno nikiwa na kaseti moja tu ya jazi, nayo ilikuwa hiyo. Neno "jazz" lenyewe nilikuwa nalijua kwa majina ya bendi zetu, Morogoro Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz, ambazo muziki wao ni wa dansi na rumba, si huu wa Miles. Niliiweka kaseti, nikapuliza pamoja na John Coltrane, mpiga teno wa santuri hiyo, na kila mara nilikuwa chini yake kidogo. Nikasukuma mdomo wa saksafoni ndani zaidi kwenye shingo ili sauti ipande. Ikakubali. Nikageuza kaseti upande wa pili, nikawa juu yao. Nikauvuta mdomo nje. Kwa muda mrefu niliamini kosa ni langu, au ni la mpira unaozungusha kaseti kwenye redio yangu. Sikujua kwamba wapiga muziki wa dunia nzima walikuwa wakifanya vivyo hivyo na kujilaumu vivyo hivyo.

Upande wa kwanza wa santuri hiyo ulirekodiwa Jumatatu, tarehe 2 Machi 1959, katika studio ya kampuni ya Columbia, mtaa wa 30 Mashariki, New York. Jengo lilikuwa kanisa kabla ya kugeuzwa studio, na dari lake lilikuwa juu sana. Ule mwangwi unaousikia nyuma ya tarumbeta umetoka humo. Miles alikuwa na John Coltrane kwenye teno, Cannonball Adderley kwenye alto, Jimmy Cobb kwenye drams, na Paul Chambers, kijana wa miaka 23, kwenye besi. Piano alipiga Bill Evans, isipokuwa wimbo wa Freddie Freeloader ambao alipewa Wynton Kelly. Siku hiyo walimaliza So What, Freddie Freeloader na Blue in Green. Walirudi tarehe 22 Aprili, siku Chambers alipotimiza miaka 24, wakarekodi All Blues na Flamenco Sketches, ambazo ndizo upande wa pili. Santuri ikatoka Agosti mwaka huo huo.

Fundi mitambo alikuwa Fred Plaut. Kama ilivyokuwa kawaida ya studio kubwa, mashine mbili zilirekodi kwa pamoja: moja ikitoa tepu mama, nyingine ikitoa tepu ya akiba ya kuhifadhiwa ili tepu mama ikiharibika kazi isipotee. Tarehe 2 Machi ile mashine ya tepu mama ilikuwa inazunguka taratibu kuliko inavyotakiwa. Tofauti ilikuwa ndogo, na hakuna aliyeigundua. Tepu hiyo ndiyo iliyotumika kutengeneza santuri.

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Wanasema: kama mashine ilikwenda polepole, basi wimbo ungesikika polepole. Ni kinyume chake. Chukulia tepu ni kitambaa kinachopita mbele ya fundi anayechora. Anatakiwa apitishiwe inchi 15 kila sekunde. Mvutaji akichoka, inapita pungufu ya inchi 15, lakini mchoraji haachi kuchora, michoro inabanana. Baadaye kitambaa hicho kikipita mbele ya macho yako kwa inchi 15 kamili kila sekunde, michoro iliyobanana itapita upesi. Wimbo unakimbia, unaisha mapema, na kila noti inapanda juu. Mashine ikipungukiwa na asilimia 1 tu, noti ya A yenye mitetemo 440 kwa sekunde itasikika kama 444. Msikilizaji wa kawaida hatashtuka. Mtu aliyeshika chombo mkononi atashtuka, hata kama hatajua kilichomshtua.

Sasa fikiria ni muziki gani uliopatwa na kasoro hiyo. Jazi ya miaka ya nyuma yake ilijaa kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zinazobadilika kila baada ya pigo mbili au nne. Sikio halipati nafasi ya kukaa mahali pamoja na kupima. So What haiko hivyo. Besi ya Chambers inaita, wenzake wanaitikia kwa noti mbili, na bendi yote inakaa kwenye skeli moja, yaani ngazi moja ya noti, inayotulia D kwa baa 16 (baa ni kipimo cha mapigo manne). Kisha inapanda nusu toni tu, mpaka E flati, kwa baa 8, na kurudi D kwa baa 8 nyingine. Basi, wimbo wenyewe ndio huo. Kwa zaidi ya dakika tisa, tukio kubwa la wimbo ni kule kupanda na kushuka nusu toni. Santuri iliyosogea juu imeuondoa wimbo mzima kwenye D na kuuelekeza upande wa E flati, ukabaki kati ya vyumba viwili. Mwanafunzi anayetafuta noti kwa sikio anagusa D, haikai. Anagusa E flati, haikai. Na kwa mpiga piano ni balaa zaidi, kwa kuwa yeye hana mdomo wa kusukuma wala waya wa kukaza pale alipo. Nikikumbuka saa nilizopoteza kwenye baa zile 16 za mwanzo, najua kwamba hakuna wimbo ambao kosa hili lingeumiza zaidi.

Ilichukua mpaka 1992. Mwaka huo fundi Mark Wilder alikuwa akiandaa toleo jipya la sidii, akarudi kwenye tepu za asili, na tofauti ya kasi ikajitokeza. Aliifungua ile tepu ya akiba, kazi ya mashine ya pili, akakuta yenyewe iko sawa. Akaitumia hiyo. Toleo la 1997, ambalo ndilo lililosambaa sana, lilifuata njia hiyo hiyo, na ndiyo maana kopi nyingi mnazosikiliza leo kwenye simu ziko katika mwendo wake wa kweli.

Kuna jambo katika kisa hiki ambalo kwa mtu wa kazi yangu lina thamani kubwa kuliko tarehe zote. Tukitafuta kasi sahihi ya tepu, hatua ya kwanza huwa ni kusikiliza mngurumo wa umeme. Karibu kila rekodi ya zamani ina mngurumo hafifu ulioingia kutoka kwenye nyaya. Kwetu umeme unatetema mara 50 kwa sekunde, Marekani mara 60. Nikicheza tepu ya hapa na mngurumo ukaja 51, najua tepu inakimbia kwa asilimia 2, naipunguza. Ni njia nzuri, lakini ina mtego. Mashine nyingi za studio zilizungushwa na mota iliyofuata mtetemo wa umeme wenyewe. Umeme ukidhoofika, tuseme jenereta inashuka mpaka 49, mota nayo inapungua, na mngurumo unaoingia kwenye tepu nao ni 49. Siku ya kuicheza kwa umeme mzuri, mngurumo unasikika 50 kamili! Kila kipimo kitakwambia tepu ni salama, na muziki umepanda kwa asilimia 2. Nimewahi kukabidhi kazi ya kwaya nikiwa na uhakika, kisha mzee aliyekuwa akipiga kinanda siku hiyo akasikiliza, akaenda kwenye kinanda kile kile kanisani, akabonyeza, akaniangalia. Niliirudia kazi yote.

Ndiyo maana ile mashine ya pili ya New York inanipa faraja. Mashine mbili, jengo moja, umeme mmoja, siku moja. Kama umeme ungekuwa na kosa, zote mbili zingepotoka kwa pamoja na tusingekuwa na pa kulinganishia. Kwa kuwa moja ilipotoka na nyingine haikupotoka, kwa hesabu yangu tatizo lilikuwa ndani ya mashine ile: huenda kigurudumu cha mpira kilichoteleza, huenda breki iliyobana rili. Kilichotuokoa ni shahidi wa pili. Mtu anayetaka kutupa kaseti kwa sababu "rili ipo" namsihi asiitupe.

Je, nyimbo zenyewe zimebadilika? Kwangu mimi, sana. Tarumbeta ya Miles kwenye So What imeshuka ikapata giza ambalo nilikuwa silisikii, na teno ya Coltrane imepata kifua. Blue in Green ilikuwa polepole tayari. Sasa ina pumzi ndefu zaidi kati ya sentensi moja na nyingine, na piano ya Evans inaacha noti zife zenyewe. Wapo marafiki zangu, wakusanyaji wa santuri, wanaosema ile ya zamani ina uchangamfu, na kwamba ndiyo iliyolea vizazi vya wanamuziki. Sikatai kwamba ilivilea. Lakini bendi ile haikupiga vile. Jimmy Cobb, aliyekuwa wa mwisho kati yao kubaki hai mpaka Mei 2020, alipiga drams zake kwa mwendo mmoja siku ile, na huo ndio ninaotaka kuusikia.

Ukitaka kujua kopi yako ni ipi, tafuta piano au kinanda cha umeme kilicho sawa. Cheza So What, subiri bendi yote iingie, kisha bonyeza D ya kati taratibu na uishikilie. Ikizama ndani ya muziki, unayo iliyorekebishwa. Ikining'inia chini ya wapulizaji kama mtu aliyechelewa kuitikia, unayo ya zamani. Halafu jaribu All Blues kwa G. Hiyo itakubali kwenye kopi zote mbili, maana siku ya Aprili mashine ilikuwa nzima.

Mezani sasa hivi nina rili ya bendi ya dansi iliyoletwa na watoto wa mpiga gitaa. Hakuna piano wala kinanda ndani yake, magitaa yalityuniwa kwa kusikilizana wenyewe kwa wenyewe, na mngurumo wa umeme unasoma 50 kamili, jambo ambalo, kwa sababu nilizoeleza, halinitoshi. Jana jioni binti yake alinipigia simu. Amepata kaseti ambayo marehemu mama yao aliirekodi kutoka redioni, wimbo ule ule, na kabla ya wimbo kuna milio ya saa ya taarifa ya habari. Mlio wa saa naweza kuupima. Ataileta Ijumaa.